Vitanda Vitupu vya Dokta Tulloch

Jarida lilipofika kutoka London, Dokta Vernice Tulloch hakulifungua mbele ya watu. Alilibana kwapani, akapita katikati ya wodi ya watoto kama mtu mwenye haraka zake, akajifungia kwenye chumba cha kuwekea shuka. Humo, amesimama kati ya marundo ya mablanketi, ndipo alipoliona jina lake limepigwa chapa, la kwanza kabisa, juu ya majina ya wazungu wawili waliomfundisha kazi. Akasoma kurasa zote sita. Akazirudia. Kisha akalia kidogo, akajipangusa uso kwa foronya, akatoka kuendelea na kazi.

Wale aliowaandika walikuwa palepale nje, vitandani. Hospitali ile ya Kingston haikuwahi kukosa watoto wa namna hiyo: wa miaka miwili, mitatu, miguu kama njiti za kiberiti, na matumbo yaliyojaa maji hadi ngozi ikang'aa kama ngoma iliyowambwa. Waliletwa kutoka milimani, kwenye mashamba ya ndizi na viazi vikuu, wamebebwa na mama zao juu ya malori. Kila daktari alikuwa na neno lake. Huyu alisema njaa, yule minyoo, na mwingine, akiwa ameshika glasi yake jioni, alisema watu weusi damu yao ndivyo ilivyo. Wachache walipona. Wengine walikufa upesi. Waliobaki walirudishwa nyumbani na ini gumu kama kigogo, wakafa polepole huko ambako hakuna aliyewaandika.

Vernice ndiye aliyewauliza mama. Si kwamba wengine hawakuuliza, ila mama waliulizwa na watu ambao wao huwajibu neno moja tu: "Sikumpa kitu, bwana." Vernice walimjibu kwa sababu alikuwa wao. Alizaliwa Patience Gap, juu kabisa, mahali ambapo ukungu huingia jikoni bila hodi. Alijua kuvuta kigoda akakaa, akampokea mama mtoto, wakaanza na habari za mvua na kimbunga kilicholaza migomba, na mwisho ndipo aulize, kama vile swali halina uzito, "Na alipopata mafua, dada, ulimchemshia nini?"

"Mgongo-mweupe tu, Dokta. Si unaujua?"

Alikuwa anaujua. Nani asiyeujua? Ni kijiti kinachoota kando ya kila njia, jani lake kijani juu, jeupe chini. Ulichemshwa kwa homa, kwa kikohozi, kwa tumbo, kwa kusafisha damu. Vernice mwenyewe alikunywa kikombe cha bati kilichojaa kila Jumamosi ya utoto wake, pua imebanwa, mama yake amesimama juu yake na mwiko.

Ilimchukua miaka. Aliwalisha panya majani yale, akawalisha ndama, akawapasua na kutazama. Ini la panya lilikuwa gumu kama la watoto. Vijishipa vinavyotoa damu ndani ya ini vilikuwa vimeziba, damu imekosa pa kupita, na maji yake yamevujia tumboni. Hayo ndiyo waliyochapisha London. Mwishoni aliongeza sentensi moja kwamba mama waelezwe kwa upole, kwa sababu walichokifanya walikifanya kwa mapenzi. Wahariri waliifuta. Walisema si sayansi.

Kuna mtoto mmoja ambaye hakumwandika. Egbert, mdogo wake, alikufa Vernice akiwa na miaka tisa. Tumbo lilivimba vilevile, na watu wa Patience Gap wakasema kuna mzimu umemwekea mkono. Kadiri alivyozidiwa ndivyo mama yao, Bi Lurline, alivyozidi kumchemshia chai, na aliyetumwa kuchuma majani alikuwa Vernice. Kwa ajili ya Egbert alisoma, na kwa ajili ya Egbert alikuwa daktari. Siku panya wa kwanza alipopasuliwa mezani alijua kilichomuua mdogo wake, na tangu siku hiyo kila alipokwenda nyumbani kumwona mama yake alizungumza habari za kuku, za kanisa, za bei ya tangawizi, akarudi Kingston bila kuligusa jambo la Egbert.

Alimweleza dada yake Ionie peke yake, naye akamwambia, "Muache mama wa watu. Ameshamzika mara moja."

Vernice akaona ni hekima.

Kisha akaja mwandishi wa gazeti, kijana mwenye adabu na tai iliyokunjamana. Vernice alimkaribisha chai ya dukani, akamweleza kila kitu, akafurahi kwamba sasa habari itafika milimani. Kumbe amemwaga mchele penye kuku wengi. Jumamosi gazeti lilitoka na herufi kubwa kama za tangazo la vita: CHAI YA SUMU: MAMA WA MILIMANI WAUA WATOTO WAO. Wachungaji waliisoma madhabahuni. Wenye redio waliwasimulia wasio na redio. Mahali pamoja, bwana afya alipita na polisi kung'oa vichaka, polisi akamuuliza mwanamke mmoja jina lake, basi. Habari ilipovuka vilima viwili, mwanamke yule alikuwa ameshafungwa. Ilipovuka cha tatu, alikuwa anangoja kitanzi.

Vernice hayo hakuyasikia. Alichokiona yeye ni vitanda. Kwanza kikawa wazi kimoja pale dirishani, kisha safu nzima. Wiki ikapita bila tumbo jipya, na nyingine nayo ikapita. Profesa Halliday, mkuu wake, mzungu mrefu asiye na makuu, alitembea kati ya magodoro matupu akiyagusa moja moja kwa kidole.

"Unaona, Tulloch? Mwaka jana tuliwalaza wawiliwawili hapa. Watu wanazeeka na kufa hawajaona kazi yao ikizaa hivi."

Vernice alinunua keki ya ramu akaileta wodini. Sista Thelwell, muuguzi mkuu, mwanamke mnene mwenye sauti ya kwaya, aliweka sahani kichwani akacheza nayo katikati ya vitanda vitupu, na wauguzi wakapiga makofi. Vernice alicheka hadi akashika mbavu. Baadaye, katika yote yaliyompata, kicheko kile ndicho kilichomchoma zaidi.

Ijumaa moja alikwenda sokoni. Bi Zerlene, mchuuzi wa Patience Gap, alikuwa amekaa juu ya kikapu chake kilichopinduliwa, skafu kichwani, akipanga pilipili.

"Haa! Daktari mkubwa!" alipaza sauti ili wachuuzi wenzake wasikie. "Anaandikwa magazetini huyu! Nilikusoma, mwanangu, kisha nikakufungia pilipili."

"Bi Zerlene, usinianze. Nipe shelisheli moja, isiwe ile ya kuanguka."

"Zangu hazianguki, zinashushwa kama maaskofu."

Vernice alicheka. "Mama hajambo huko?"

Bi Zerlene aliendelea kuipangusa shelisheli iliyokuwa imeshakauka. "Mama mzima. Anakula, anagombana na kuku." Akaigeuza upande wa pili. "Kwani Ionie hajakutumia neno?"

"Neno gani?"

"Mimi si mtu wa kubeba maneno."

"Bi Zerlene."

"Yule mtoto wa Ionie, Renford. Tumbo limekuja juu."

Shelisheli ilikuwa imeshanyooshwa kwake, na Vernice hakuipokea. "Tangu lini? Mbona hawakumleta? Vitanda viko vitupu, Bi Zerlene, hakuna mtoto hata mmoja!"

Mama yule alimtazama kwa muda, si kwa hasira, bali kama mtu anavyomtazama mgeni aliyepotea njia. Akashusha sauti. "Ulidhani wamekwenda wapi, mwanangu? Wameacha kuumwa? Wameacha kuja. Kwa Mzee Lascelles wamezika mmoja, usiku usiku, bila hata wimbo. Kule chini kuna mwingine, kila gari likinguruma anasukumwa chini ya kitanda. Nani atamleta mtoto wake hapa aitwe muuaji mbele ya polisi?"

Vernice alipanda lori lilelile lililomleta Bi Zerlene, kati ya makapu matupu, na koti lake jeupe mwilini. Hakukumbuka kulivua.

Ionie alikuwa amesimama getini kabla lori halijasimama vizuri. Alikuwa mdogo wa Vernice lakini uso wake ulikuwa umemtangulia kuzeeka.

"Umekuja na nani?"

"Peke yangu. Ionie, niachie nipite."

"Na hilo koti? Umekuja kama dada au umekuja kama gazeti?"

"Mtoto yuko wapi?"

"Nilimwambia mama asimpe!" Ionie aliongea kwa kunong'ona, meno yamekazana, huku akigeuka kutazama jikoni. "Uliponiambia tu, niling'oa kila kichaka hapa uani. Nikamwambia, mama, chai basi, maziwa tu. Akaniuliza kwa nini. Ningemwambia nini? Jumapili ile mchungaji alipolisoma gazeti nilijilaza nikasema kichwa kinaniuma, abaki kunihudumia. Nimewasihi watu wote hapa, jamani, msimwambie Bi Lurline. Wote wakakubali. Wanampenda."

"Kwa hiyo hajui."

"Hajui. Nasi tulikubaliana, mimi na wewe. Usinitazame hivyo."

Mlango wa jikoni ulifunguka, na Bi Lurline akatoka akifuta mikono kwenye aproni, amefurahi kama msichana, akimwita Vernice kwa jina lake la utotoni. "Dolli wangu! Nilijua tu. Nilimwambia Ionie, mpelekee dada yako habari, kichwa chake kigumu, hataki. Ingia, ingia. Sasa mtoto atapona."

Renford alikuwa amelala kwenye godoro la nyuma, miaka miwili na nusu. Macho yake yalimfuata Vernice bila kichwa kusogea. Vernice alipiga magoti, akapasha viganja vyake moto kwa kuvisugua, akapapasa chini ya mbavu. Hakuhitaji kutafuta. Ini lilikuwa pale, gumu, ukingo wake umechongoka, na maji yakapiga wimbi upande wa pili wa tumbo.

"Ionie ananikataza kumpa dawa," Bi Lurline alisema nyuma yake. "Eti maziwa. Mtoto anakohoa hadi anageuka bluu, unampa maziwa? Basi nikamwacha aende kazini kwake. Yeye aling'oa vyake vya uani, nikasema sawa, kule mtoni viko tele." Akachukua sufuria ndogo akaiinamisha ili binti yake aone, kama anavyomwonyesha mtu mchuzi ulivyoiva. "Asubuhi na jioni. Hajakosa hata siku moja."

Majani yalielea juu ya maji ya rangi ya kahawia. Mengine yalikuwa yamelala chali, meupe.

Ionie aliketi sakafuni taratibu. Hakulia. Vernice aliipokea ile sufuria mikononi mwa mama yake, akaenda nayo mlangoni, akaimwaga. Kisha akarudi na kumwambia. Alitumia maneno mafupi kama alivyozoea kuwaambia wengine: jani hili linaharibu ini, Mama, ini la mtoto halilimudu, tumelipima, ni kweli. Sauti yake ilikuwa ya wodini, naye aliisikia, akaichukia, ila hakuwa na nyingine.

Bi Lurline alisikiliza mikono ikiwa ndani ya aproni. Nje kuku walikuwa wanagombania yale majani.

"Na Egbert?" aliuliza.

"Mama, zamani zile hakuna aliyekuwa akijua."

"Sikukuuliza kama tulijua."

Vernice aliinama akaiweka sufuria tupu sakafuni.

"Nilimpa hata siku ile ya mwisho," Bi Lurline alisema. "Alikuwa anaitema chai. Nilimbana pua." Akamtazama Ionie pale sakafuni, kisha Vernice. "Ninyi mmelijua hili lini?"

Ionie alificha uso magotini.

"Mkaniacha naye," alisema. "Mnajua, mkaniacha na mtoto."

Aliingia jikoni akafunga mlango. Wakasikia maji yakimwagwa juu ya moto, na mvuke ukatoka chini ya mlango. Tangu siku hiyo Bi Lurline hakuchemsha tena kitu chochote. Alikula kilichopikwa na majirani, kikiwa kimepoa, na akikosa alikula ndizi.

Walimteremsha Renford Kingston asubuhi iliyofuata. Ionie alimbeba, amemfunika uso kwa kanga ya kitandani, na kila lori lilipopunguza mwendo alimkumbatia zaidi. Kwenye lango la hospitali alikuwapo polisi, amekuja kwa ajali ya baiskeli isiyowahusu hata kidogo. Ionie alimwona.

Wodini Sista Thelwell alimpokea mtoto, akamlaza kitanda cha dirishani, akachukua kalamu na faili. Alikuwa na maswali yake, yaleyale ambayo Vernice alikuwa ameyatunga na kuyapanga miaka iliyopita.

"Mama, mtoto amewahi kupewa chai ya majani yoyote?"

"Hapana, Sista."

"Mgongo-mweupe?"

"Siujui huo. Maziwa tu."

Sista Thelwell aliinua macho, akamtazama Vernice. Alijua wazi kwamba hawa ni ndugu, sura zao zilisema. Ionie naye alimtazama dada yake, na katika macho yale hapakuwa na ombi tena. Palikuwa na woga tu, kama wa mnyama aliyeko kwenye kona. Vernice aliwakumbuka mama wote waliowahi kukaa mbele yake na mtoto mapajani, wakamjibu bila kuficha kitu. Hakuna hata mmoja ambaye angemjibu tena.

"Andika hapana," alisema.

Walimtoa Renford maji tumboni, yakarudi. Wakamtoa tena. Siku zile Vernice alilala kwenye kiti, Ionie chini ya kitanda, na hawakuzungumza ila habari za mkojo na maziwa. Mtoto alikufa mchana, watu wakiwa kwenye chakula, mdomo umefunguka kidogo kama anayetaka kupiga chafya. Ionie alimvisha mwenyewe. Alipomaliza alimwambia Vernice, kwa upole ambao ulikuwa mbaya kuliko matusi, "Usije mazikoni na hilo koti." Vernice akaenda bila koti, akasimama nyuma ya watu, na Bi Lurline hakugeuka.

Aliporudi kazini, Profesa Halliday alimwita ofisini. Alikuwa anafungasha mkoba kwa mkutano wa madaktari ng'ambo.

"Pole kwa yule mtoto. Nimeona faili. Inasikitisha, ila kwetu inatusaidia: mmoja tu katika miezi hii yote, na hata huyo hakunywa chai. Lazima kuna chanzo kingine, tutakiangalia. Nahitaji mchoro wako wa idadi, ule unaoshuka."

"Alikunywa," Vernice alisema. "Ni mtoto wa dada yangu. Nilikuwepo. Mimi ndiye niliyesema iandikwe hapana."

Profesa alivua miwani.

"Na idadi haijashuka," aliendelea. "Wanafichwa. Wanafia majumbani. Hatukuwaponya, tuliwafukuza."

"Wangapi?"

"Sijui."

"Nani amekuambia?"

"Mchuuzi wa pilipili."

Alijua jibu hilo lilivyosikika. Profesa naye alimtazama kwa huruma ya kweli, kwani hakuwa mtu mbaya. "Tulloch, umefiwa. Umeniambia hapa kwamba umeandikisha uongo kwenye faili la mgonjwa, na mimi nitajifanya sikusikia. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu wale nikawaambia takwimu zetu si kitu kwa sababu ya maneno ya sokoni. Niletee mama mmoja atakayesema. Mmoja tu, tuanzie hapo."

Vernice aliomba likizo, akapanda tena milimani kumtafuta huyo mmoja. Hakuvaa koti. Alitembea nyumba kwa nyumba, na kila mahali alipokewa vizuri. Hilo ndilo lililomvunja nguvu. Hakuna aliyemfukuza wala kumtukana. Waliinuka, wakapangusa kiti, wakasema, "Karibu, Dokta," wale waliokuwa wakimwita Dolli. Alipewa maji ya ndimu. Waliongea habari za mvua, habari za ndizi. Alipofika kwenye swali lake, mwenye nyumba alitabasamu na kusema kwamba hapa, Dokta, wote wazima. Kwa Mzee Lascelles alikaa mkabala na kaburi jipya lililopakwa chokaa, na mzee akamwambia ni la mbwa.

Nyumba ya mwisho siku hiyo ilikuwa ya mama mmoja kijana, Eulalee, aliyewahi kulazwa wodini kwake na mtoto wa kwanza. Yule alipona. Vernice alikuwa ameandika habari zake kwenye ukurasa wa tatu wa makala. Eulalee alimkumbuka, akamshika mikono yote miwili, akamketisha barazani.

"Una mwingine sasa?" Vernice aliuliza. "Nilisikia ulijifungua."

"Hapana, Dokta. Ni huyu huyu mkubwa, yuko shule."

Ndani, nyuma ya pazia, mtoto alikohoa.

Eulalee alikuwa bado amemshika mikono, na viganja vyake vilikuwa vimelowa.

"Ni redio," alisema.

Mtoto alikohoa tena, kikohozi kifupi cha mtu ambaye tumbo linamkandamiza pumzi, kisha akaanza kulia kwa sauti ndogo, akiita. Machozi yalimtiririka Eulalee hadi kidevuni, na tabasamu la kumkarimu mgeni halikumtoka usoni.

"Hakuna mtoto hapa, Dokta," alisema. "Nakuomba. Hakuna mtoto."